Kumpumzisha Timazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nayo imeingia ofisini kabla yangu. Ndoo iko kwenye kona ya dirisha, pale pale pa mwaka jana. Kampuni ya kuchora na kujenga nyumba, na dari yake inavuja. Mteja akiuliza nitasema tunafanya majaribio.

Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Karani tulimpumzisha mwezi uliopita. Ndivyo tunavyosema siku hizi: kumpumzisha mtu. Kufukuza ni neno la wakati wa neema, la mtu aliyeiba au aliyekuja kazini amelewa. Karani hakuiba wala hakulewa; kazi zimekauka tu. Mwaka jana majira kama haya tulikuwa na kazi tano, sasa tunayo moja. Wenye viwanja wamevikalia, na wenye misingi wameacha nyasi ziote humo.

Tumebaki watatu. Mdogo wangu ndiye mchoraji. Nilimsomesha kwa kuuza kokoto kando ya barabara, karai baada ya karai, na sioni aibu kulisema ingawa yeye huona aibu kulisikia. Timazi ndiye fundi wetu wa kuta. Jina lake halisi sote tumelisahau. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, naye hutembea nao mfukoni hata akienda harusini. Wa tatu ni mimi, ambaye hulipwa mwisho.

Kazi iliyobaki ni ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya nesi mstaafu. Kilima kinamteremkia jikoni. Analipa kwa awamu tatu: msingi, nusu ya ukuta, ukuta wote. Ya msingi ameshalipa, nasi tumeshaila.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nondo zimepanda bei tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga hesabu kuanzia juu kwenda chini, kisha kuanzia chini kwenda juu, nikidhani labda zitanionea huruma upande mmoja. Tukiwa watatu kampuni haifiki mwisho wa mvua. Tukiwa wawili inafika, kwa taabu, kama mtu anayevuka mto kashika viatu mkononi.

Nikamwambia mdogo wangu.

"Unataka kusema nini, Dada?"

"Mimi sijasema kitu. Hesabu ndizo zinasema."

"Hesabu zako huwa zina majina ya watu."

Mara Timazi akatokea mlangoni, matope hadi magotini, kikombe mkononi. Huwa anatia sukari vijiko vinne, na cha tano anasema ni cha bahati mbaya. "Bibi Mkubwa," akasema, "sukari imekwisha."

"Haikwisha. Umeimaliza."

Akacheka hadi akaanza kukohoa. Kile kikohozi sikukipenda.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nzima nimekaa benki kwenye foleni ya watu wanaokwenda kuomba wasubiriwe madeni yao. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na karakana ya samani. Nyuma yangu mwenye shule ya chekechea. Kila mmoja alishika bahasha yake kifuani kama amebeba mtoto.

Nikiwa hapo mdogo wangu akaniandikia kwenye simu: *Timazi leo tena hawezi kazi. Ukuta haujasogea. Nimfanyeje?*

Nikamkumbuka yule mzee na kikohozi chake, na mvua inavyompiga mgongoni. Nikajibu: *Mpumzishe.*

Akauliza: *Una uhakika?*

Uhakika wa nini, kumpeleka mgonjwa akalale? Nikaandika: *Ndiyo. Leo hii. Na usimsikilize akibisha, unamjua.*

Hakujibu tena. Benki wamenipa mwezi mmoja. Nimerudi nimeloa, lakini nilijiona mtu mwema, jambo ambalo msimu huu halinitokei sana.

Ijumaa, 15 Machi

Mdogo wangu hakunisalimia. Ameleta fundi wa muda, kijana anayelipwa kwa kila mstari wa mawe anaoumaliza. Nimempa jina la Chapuchapu.

Jumatatu, 18 Machi

Mgonjwa simkati mshahara. Wa Timazi wa wiki nimeutia kwenye bahasha nikaandika jina lake juu. Akipata nafuu aje auchukue. Nikamuuliza mdogo wangu, "Timazi vipi?"

"Amepumzika."

"Alibisha?"

"Hakubisha hata kidogo."

"Afadhali."

Akanitazama kana kwamba nimetema mate kwenye sahani yake. Simwelewi huyu mtoto. Nilidhani kusoma kunamfanya mtu aseme zaidi; huyu kila cheti kimempunguzia maneno.

Ijumaa, 22 Machi

Wiki hii mdogo wangu amekuja kazini kwa miguu kila siku, suruali imelowa hadi mapajani. Mchana hali. Anakunywa maji ya bomba, anarudi kwenye mchoro. Nilimpa mshahara wake wote mwanzoni mwa mwezi, sikupunguza hata senti, tena kabla sijajilipa mimi. Nikamuuliza pesa zake anazipeleka wapi.

"Zangu," akasema.

Ni mwanamke, au ni kamari. Kama ni mwanamke, basi ni mwanamke anayekula sana.

Alhamisi, 28 Machi

Wiki mbili sasa. Hata homa ina heshima, humwacha mtu. Nimempigia Timazi, simu imeita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, imezimwa. Nikamtumia ujumbe kwa utani, kama tulivyozoeana: *Mzee, umeshapumzika vya kutosha?*

Kimya.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Muuza saruji kaniambia, huku ananipigia hesabu ya mifuko, "Yule fundi wako nimemwona kwenye jengo lile la mtaa wa juu. Timazi yake inaning'inia mfukoni."

"Umemfananisha."

"Mama, kuna mtu mwingine anayetembea na chuma kile?"

Kumbe ndiyo maana hapokei simu. Miaka kumi na mitatu! Nilipokuwa sina ofisi, nina meza moja tu chini ya turubai, huyu alikuwa fundi wangu. Alipovunjika kidole nilimlipa. Sasa mimi nimeshikwa koo, yeye anajifanya mgonjwa akajenge kwa wengine. Na mdogo wangu anajua; nimeusoma uso wake. Wote wawili wananificha kitu.

Saruji ilikuwa haitoki bila kulipwa taslimu. Siku hizi hakuna mkopo hata kwa mteja wa zamani. Muuzaji ananipenda lakini anawapenda wanawe zaidi. Nikafungua ile bahasha. Mishahara ya Timazi ya wiki zote hizo imegeuka mifuko ya saruji na roli moja la mawe. Sikuona haya. Aliyekimbia hana mshahara.

Ijumaa, 5 Aprili

Ukuta umefika nusu. Nesi amelipa. Benki wamepata chao. Bado tuko hai.

Jumanne, 9 Aprili

Chapuchapu hakuja. Nimepiga simu, amepokea kwa adabu zote: "Shikamoo, mama. Nimepata sehemu wanaolipa kila jioni." Huyu angalau kaaga.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Alfajiri nesi alinipigia.

"Mwanangu, unanisikia? Udongo unapiga hodi jikoni."

"Umefika wapi, mama?"

"Umefika kwenye dirisha. Nimeuambia usubiri, mafundi wanakuja. Wanakuja?"

Tulikwenda mimi na mdogo wangu, maana hakukuwa na wengine. Ukuta umesimama nusu kama kinywa kilichokatizwa usemi, na juu yake kilima kimelowa, chekundu, kinachuruzika. Tulitandaza nailoni tukaikandamiza kwa mawe. Nesi, kajifunika taulo kichwani, alisimama kwenye ngazi akituelekeza kama tuko wodini: "Hapo, kaza. Hapo pia. Usiogope, haumi."

Tulipomaliza hatukujulikana nani mchoraji nani bosi. Mdogo wangu akakaa kwenye jiwe.

"Mwite Timazi," akasema.

"Timazi alinikimbia."

"Alikukimbia?"

"Yuko mtaa wa juu, anajenga kwa watu. Usijifanye hujui."

Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu ambaye jino linamuuma. "Dada, mimi nimekusikia ukisema mengi. Lakini hilo kamwambie mwenyewe, usoni. Safari hii mimi sitakuwa mjumbe wako."

Mjumbe wangu? Nimekuja nyumbani, nimeoga, na bado nalitafuna lile neno. Kesho nakwenda.

Jumamosi, 13 Aprili

Niandike yote kama yalivyokwenda, nisije nikayapanga vizuri baadaye.

Nyumba ya Timazi ina ukumbi mwembamba mbele, na ukuta wa ukumbi umepinda. Nimeshangaa, miaka yote hiyo sikuwahi kuuona. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliniona, akamaliza kukunja shuka, ndipo akasema.

"Karibu, Bosi. Umekuja kuangalia kama amepumzika vizuri?"

Nikadhani ni utani. Nikasema, "Ndiyo, nimesikia kapumzika hadi mtaa wa juu."

Hakucheka. Akaniwekea kigoda, akaingia ndani. Timazi akatoka. Amekonda, shati limemzidi kama ameazima. Akaketi mbali kidogo.

"Bibi Mkubwa."

"Mzee. Unaendeleaje?"

"Naendelea kupumzika."

Nilikuwa nimekuja na hotuba. Nikaianza: miaka kumi na mitatu, kidole nilichokulipia, meza chini ya turubai, nawe unanikimbia wakati wa dhiki bila hata kuaga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni.

"Mama watoto, unasikia? Mimi nilikimbia."

"Nasikia. Nafikiri nimepata homa mimi sasa."

"Nani aliyekimbia, Bosi?" Timazi akasema. "Mdogo wako alikuja hapa Alhamisi ile, jioni. Nilikuwa nimelala, natetemeka. Alisimama pale ulipokaa, naye alitetemeka kuliko mimi. Akasema, Mzee, Dada amesema tukupumzishe. Nikasema, Leo? Akasema, Ndiyo, leo hii. Akaniwekea mkononi mshahara wa mwezi mzima, akaondoka hakunywa hata maji."

"Mshahara gani? Mshahara wako uko kwenye ba…"

Hapo ndipo nilipoona. Sikuona yote kwa pamoja, niliona kama mtu anayewashiwa taa chumba baada ya chumba. Suruali iliyolowa. Maji ya bomba. *Una uhakika?* *Ndiyo. Leo hii. Na usimsikilize akibisha.*

"Nilimaanisha ulale!" nikapiga kelele. "Ulale! Ulikuwa unakohoa! Mpumzishe, apumzike, anywe dawa!"

Mke wa Timazi akaanza kucheka. Alicheka hadi akateleza ukutani akakaa chini, kajifunika uso kwa shuka aliyoikunja. "Jamani," alikuwa anasema, "jamani, mwezi mzima nimemlaani mtu kwa kumlaza mume wangu kitandani."

Timazi hakucheka. Alichukua simu yake, akaibonyeza taratibu, akanionyesha ujumbe wangu. *Mzee, umeshapumzika vya kutosha?*

"Na hii?"

"Utani, Mzee."

"Niliisoma nikiwa kwenye lile jengo la mtaa wa juu. Siku ya pili. Nilikwenda siku mbili, na wao wakanipumzisha, nao kazi hakuna. Nikasema, huyu mwanamke ana roho ngumu. Amenitupa, sasa ananicheka."

Nikasema samahani. Nikalisema tena. Lakini yeye alikuwa bado anatafuta kitu, kama anavyofanya akishuku jiwe la chini limekaa vibaya.

"Basi tuseme ni hivyo," akasema. "Tuseme ulimaanisha nilale. Ulijua naumwa."

"Nilijua."

"Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Mtu wako anaumwa. Mbona hukuja kunitazama?"

Mvua ilikuwa inagonga bati. Mkewe aliacha kucheka.

Nilikuwa na majibu. Benki, saruji, nondo, simu uliyoizima. Niliyapima moja moja na hakuna lililofika. Nikasema, "Sijui."

"Mimi pia sijui," akasema Timazi. "Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akaniuliza kama nimekuja kumrudisha au kumwambia tu. Nikamwambia ukuta wa nesi uko nusu. Akasema hajauliza habari za ukuta. Nikasema, "Njoo Jumatatu." Akarudia, "Njoo Jumatatu," polepole, kama anachunguza iwapo maneno hayo nayo yana maana ya pili.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda chumbani kwa mdogo wangu. Nilimwambia tu, "Nilimaanisha alale." Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akakaa kitandani, akajishika kichwa.

"Dada, wiki ile ile ulisema wawili tunafika, watatu hatufiki."

"Nilisema."

"Karani ulimpumzisha kwa neno hilo hilo."

"Najua."

"Nilikuuliza! Nilikuuliza kama una uhakika!"

"Ungeuliza tena."

"Wewe huulizwi mara mbili. Tangu nikiwa mdogo, anayekuuliza mara mbili anaambiwa habari za kokoto zilizomsomesha." Akavuta pumzi. "Nilikuwa natafuta kazi kwingine, ujue. Nilijua zamu yangu inakuja. Nilikuwa nasubiri ujumbe wa neno moja."

Nikamuuliza kwa nini alimlipa Timazi kutoka mfukoni mwake badala ya kuniomba. Akasema hakutaka nimwone mzee kama gharama mara ya pili. Nilimsomesha michoro tu, hilo hakulipata kwangu.

Usiku kabla ya kulala nimerudia hesabu, na afadhali nisingerudia. Kama bahasha ya Timazi ingebaki kwa mwenyewe, saruji isingetoka, nusu ya ukuta isingefika, nesi asingelipa, na benki wangefunga mlango wetu. Kampuni imeokolewa na kosa. Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Je, lilikuwa kosa? Nilisema mpumzishe nikimaanisha alale. Naapa nilimaanisha hivyo. Lakini kidole kilichoandika ndicho hicho hicho kilichopiga hesabu ya watu wawili, na kwa mwezi mzima hakikubisha hodi kwa mgonjwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Amekuja. Amemsalimia mdogo wangu kwanza, kwa mikono miwili. Mimi ameniambia, "Bosi." Hajaniita Bibi Mkubwa. Ametundika uzi wake kwenye kazi ya Chapuchapu, akautazama, akasema mistari miwili ya juu ishuke. Nikafungua kinywa niseme ni gharama, nikakifunga.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Mistari mitano.

Jumanne, 23 Aprili

Timazi kakohoa. Nimemwambia aende nyumbani. Wote wawili wakageuka wakanitazama. Ikabidi nieleze: nyumbani, kitandani, kwa leo, na mshahara wako upo, na kesho unarudi. Maneno yote hayo kwa kikohozi kimoja. Jioni nimepita kwake na machungwa. Mkewe akasema, "Leo umekuja kabla hajapona. Tunaendelea vizuri."

Ijumaa, 3 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Ukuta umefika juu. Nesi ameupapasa kama anapima homa, akasema, "Huyu ataishi," akalipa awamu ya mwisho. Nimemrudishia mdogo wangu pesa aliyompa Timazi. Alikataa, nikamwekea kwenye begi la michoro. Timazi nimemlipa bahasha yake. Kilichobaki benki wamekitazama, wakaguna, wakakipokea.

Jumatatu, 6 Mei

Ndoo nimeiondoa. Dari nitaitengeneza, nimesema hivyo tangu mwaka juzi.

Kazi mpya ni moja, ngazi ya mlango wa nyuma kwa jirani wa nesi. Ndogo, lakini ni ngazi. Hesabu hazijabadilika: zinalipa watu wawili. Nimeandika karatasi ya malipo ya mwezi. Mdogo wangu, yote. Timazi, yote. Kwenye mstari wa tatu, penye jina langu, nimeandika: *Amepumzishwa.*

Tulikuwa ofisini sote. Timazi anakoroga chai yake, nami nikihesabu vijiko bila kutaka. Mdogo wangu akaisoma karatasi, akairudia, akaiweka mezani mbele yangu.

"Dada, hapa kwako. Kupumzishwa kupi?"

Kijiko cha Timazi kikasimama. Naye anangoja.

Nikawaambia nikishajua nitawaambia, tena kwa mdomo, si kwa simu. Timazi akaiinua bakuli ya sukari, akaigeuza, akaitikisa.

"Bibi Mkubwa," akasema, "imekwisha."